Kupanga kikosi cha wanawake watano kwa mashindano ya judo ya timu

Mashindano ya timu za wanawake yana uzito 5, kwa kilo: -52 (yaani hadi kilo 52), -57, -63, -70 na +70 (zaidi ya kilo 70). Kila uzito una pambano moja, na timu inayofikisha ushindi 3 imevuka. Ubingwa wa dunia ulichezwa hivi kwa miaka kadhaa: Japani ilitwaa dhahabu Rio de Janeiro mwaka 2013 na Astana mwaka 2015, na katikati yake Ufaransa ikaichukua Chelyabinsk mwaka 2014. Kuanzia Budapest 2017, Shirikisho la Judo la Dunia (IJF) lilileta timu za mchanganyiko, wanawake 3 na wanaume 3, na ndizo zilizoingia Olimpiki. Timu za wanawake peke yao hazikufa. Utazikuta kwenye michezo ya vyuo vikuu, ya majeshi, ya vilabu na ya kanda.

Mwongozo huu ni wa kocha ambaye klabu yake ina wasichana wengi kati ya kilo 48 na 57, mmoja au wawili wenye kilo sitini na kitu, na hana mzito hata mmoja. Timu nyingi za ukanda wetu ziko hivyo.

Hesabu kwanza, majina baadaye

Makocha wengi huanza na nyota wao, kisha wanajaza waliobaki. Ukipiga hesabu utaona kwa nini ni kosa.

Tuseme una wachezaji 3 wazuri, kila mmoja akiwa na uwezo wa kushinda mara 8 katika mapambano 10 dhidi ya timu mliyopangiwa. Nafasi 2 zilizobaki huna mtu, unazipoteza bure. Ili mvuke, wote watatu lazima washinde: 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani asilimia 51. Ni sawa na kurusha shilingi.

Sasa una njia mbili za kuboresha. Ya kwanza ni kumnoa nyota mmoja afike 9 kati ya 10. Nafasi ya timu inapanda hadi asilimia 58 hivi. Ya pili ni kutafuta mtu wa kujaza nafasi moja tupu, mtu wa kawaida tu, anayeweza kushinda mara 3 katika 10. Nafasi ya timu inapanda hadi karibu asilimia 63. Yule asiyejulikana, anayepoteza mara 7 katika 10, ameisaidia timu karibu mara mbili ya alivyoisaidia nyota aliyeongezewa makali. Sababu ni kwamba pale nyota mmoja anapoteleza, sasa kuna mtu wa kuokoa.

Kwa hiyo muda wa mazoezi uelekee kwenye uzito wa nne na wa tano. Nyota watajinoa kwenye mashindano ya mtu mmoja mmoja.

Kumsogeza mtu juu, na kulihamisha tundu

Kanuni ya kawaida inamruhusu mchezaji kupigana katika uzito wake au ule unaofuata juu yake, basi. Wa -63 anaweza kucheza -70 lakini si +70. Wa -48 anaingia -52. Kinachomfunga ni uzito aliopimwa, kwa hiyo usimpeleke mtu wa kilo 62 ukidhani utamweka kwenye uzito wa juu kabisa siku ya mwisho. Orodha ya timu kwa kawaida inaruhusu hadi wachezaji 2 kwa kila uzito, na timu isiyofikisha angalau watu 3 kati ya 5 huwa haikubaliwi kucheza. Yasome haya kwenye tangazo la mashindano yenu kabla ya kukata tiketi, kwa sababu waandaaji wa kanda hubadilisha vipengele.

Chukua mfano wa kikosi chenye mmoja wa -48, wawili wa -52, mmoja wa -57, mmoja wa -63 na mmoja wa -70. Hakuna wa +70. Kuna njia tatu.

Unaweza kuiacha +70 tupu, kila mtu akabaki kwake, na mkaanza mkiwa mmepoteza pambano moja.

Unaweza kuwasogeza wote: wa -70 aende +70, wa -63 aende -70, wa -57 aende -63, mmoja wa -52 aende -57, na mwenzake abaki -52. Hakuna nafasi tupu, lakini watu wanne wanapigana na waliowazidi kilo. Njia hii inafaa tu kama wachezaji wako wana kasi na mnakutana na timu iliyopungukiwa pia.

Njia ya tatu ndiyo wengi hawaioni. Tundu, yaani nafasi tupu, si lazima libaki +70. Ukimsogeza wa -70 peke yake, tundu linahamia -70. Ukimsogeza na wa -63, linahamia -63. Maana yake unaweza kulipeleka tundu mbele ya bingwa wa wapinzani. Kama wana msichana wa -63 ambaye hakuna mtu wenu anayemweza, mpeni ushindi wa bure pale, na wa kwenu wa -63 akatafute pambano linalowezekana kwenye -70. Wamepoteza silaha yao bora kwenye pambano ambalo mlikuwa mmeshalipoteza.

Ili ufanye hivi unahitaji kuwajua wapinzani. Siku ya mashindano ya mtu mmoja mmoja, mpe mtu wa akiba daftari akae jukwaani. Kwa kila mpinzani aandike mkono anaoshika nao, mbinu anayoshinda nayo, na dakika ngapi anadumu kabla hajaanza kuhema. Mambo hayo matatu yanatosha.

Kumwandaa mwepesi apigane na mzito

Mchezaji wa kilo 69 akiingia +70 anaweza kumkuta mtu wa kilo 100 au zaidi. Haendi kule kutafuta ippon (alama kamili inayomaliza pambano) ya picha. Anaenda kuvuta pambano hadi dakika ya 4 akiwa na adhabu chache kuliko mwenzake.

Kazi ya kwanza ni mkono. Akamate mkono wa gi (vazi la judo) wa upande ambao mpinzani anashika nao, kabla hajagusa ukosi. Mzito akishapitisha mkono juu ya bega na kushika mgongo, pambano limekwisha, hata kama saa inaonyesha sekunde 30. Fanyeni zoezi hilo peke yake: raundi za dakika 1, mmoja anatafuta mgongo, mwingine anamnyima, bila kutupana. Kama klabuni hakuna mwanamke mzito, mtumie kijana wa kilo 85 hadi 90 mwenye busara, aliyeambiwa asitumie nguvu zote.

Kazi ya pili ni miguu. Asirudi nyuma kwa mstari, kwa sababu akitoka nje ya eneo bila kushambulia anapata shido, yaani adhabu ndogo. Azunguke kwa upande, na kila baada ya sekunde 10 hadi 15 aingie na ko-uchi-gari au o-uchi-gari (kufagia mguu kwa ndani), au seoi-nage (kutupa kwa bega) ya chini. Hiyo seoi iwe ya kweli: kuvuta kwanza, kisha kushuka. Anayepiga magoti bila kumyumbisha mtu anaadhibiwa kwa shambulio la uongo, na shido 3 ni hansoku-make, yaani kupoteza pambano kwa adhabu. Kushika mguu nako ni adhabu, na walioanza judo kwa mieleka ya mtaani husahau wakichoka.

Mbinu za kujiangusha nyuma na kumvuta mpinzani juu yako, kama ura-nage, ziondolewe kabisa kwenye pambano hili. Mzito akikuangukia hajakutupa tu, ameshakulalia. Tangu 2025 yuko, alama ndogo kabisa, imerudi, na kumlaza mtu chini sekunde 5 kunatoa yuko, 10 waza-ari (alama ya kati), 20 ippon. Yuko hata zikiwa nyingi hazijumlishwi kuwa waza-ari, ila moja inatosha kuamua pambano saa ikiisha.

Msisitize pia suala la kichwa. Asijikinge kwa kutua na kichwa ili mgongo usiguse mkeka. Mwepesi anayetupwa na mzito ndiye hasa anayeshawishika kufanya hivyo, na ni hatari kwa shingo. Afadhali aanguke vizuri na kupoteza. Kuna wengine wanne.

Kupima uzito

Timu nyingi hupoteza hapa bila kugusa mkeka. Kuna mizani ya majaribio na kuna mizani rasmi, na kwenye ile rasmi mtu anapanda mara moja tu ndani ya muda uliotangazwa. Aje na pasipoti au kitambulisho alichosajiliwa nacho. Wanawake hupimwa na maofisa wanawake. Mtu mzima anaruhusiwa kuvua hata nguo za ndani ikimlazimu. Vijana walio chini ya umri hawaruhusiwi, na badala yake hupewa gramu 100 za ziada.

Kwenye mashindano ya IJF ya mtu mmoja mmoja, uzito hupimwa jioni ya kuamkia pambano, na asubuhi baadhi ya wachezaji huitwa tena kwa bahati nasibu. Asubuhi hiyo mtu asizidi asilimia 5 ya kikomo. Kwa -52 ni kilo 54.6, kwa -57 ni 59.85, kwa -63 ni 66.15, kwa -70 ni 73.5. Aliyejikausha kilo 4 kisha akala na kunywa usiku kucha ndiye anayenaswa. Siku ya timu ina utaratibu wake wa kupima na wakati mwingine nafuu yake ya gramu au kilo, kwa hiyo muulize msimamizi mapema kwenye kikao cha droo, mbele ya wengine, ili jibu lisibadilike.

Kwa timu, kukausha mwili hakuna faida kubwa. Una ruhusa ya kumsogeza mtu juu, basi itumie. Mchezaji aliyeshindana peke yake jana kwenye -57 na leo amefika kilo 58 asilazwe na njaa tena. Kama kanuni inamtaka apimwe upya, mweke -63. Mwanamke aliye karibu na hedhi anaweza kubeba maji ya ziada, hata kilo moja hivi, bila kula kitu cha ajabu. Kocha anayejua tarehe za wachezaji wake, au mwenye msaidizi wa kike anayezijua, hashangazwi na mizani.

Baada ya kupima, kila kilo iliyopotea kwa jasho irudishwe kwa lita 1 na nusu hivi ya kinywaji, kidogo kidogo ndani ya saa kadhaa. Anza na maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, yakichanganywa kama pakiti inavyosema, kisha uji, wali, ndizi au viazi. Maharage, chipsi na nyama choma vingoje hadi medali. Ukisafiri mbali, beba unga wa uji. Chakula cha hoteli saa 4 usiku si cha kutegemea.

Gi, nywele na mengine ya mlangoni

Kila mchezaji anahitaji gi 2, nyeupe na ya buluu. Timu inayotajwa kwanza huvaa nyeupe. Kwenye mashindano ya IJF lazima ziwe za aina iliyoidhinishwa, na mgongoni kuwe na kitambaa chenye jina la ukoo na herufi 3 za nchi, KEN, TAN au UGA, kilichoshonwa kwa cherehani. Pini na gundi hazipiti.

Gi ya pamba hurudi. Ifue angalau mara 3 kabla ya kuamua kama inamtosha, na usiikaushe kwa mashine ya joto. Mlangoni, gi inapokaguliwa, mchezaji hunyoosha mikono mbele: mikono ya gi lazima ifike kwenye kifundo cha kiganja. Suruali isizidi sentimita 5 juu ya kifundo cha mguu. Koti lifunike makalio na pande zake zipishane angalau sentimita 20. Mkanda uache ncha za sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye fundo. Gi ikikataliwa, mchezaji hupewa ya akiba isiyomkaa sawa na kocha wake anaweza kuzuiwa kukaa kwenye kiti. Hasara mbili kwa kosa la dobi.

Ndani ya koti mwanamke huvaa fulana nyeupe ya mikono mifupi, ndefu ya kutosha kuchomekwa. Ndani ya suruali nyeupe, kaptula ya kubana humwondolea wasiwasi aliye kwenye siku zake, na mtu asiye na wasiwasi hashiki suruali yake kila mwamuzi akisema matte (simameni). Mkoba wa timu uwe na pedi, kaptula ya ziada, plasta, tepu ya vidole, kikata kucha na raba laini za nywele zisizo na chuma.

Nywele ndefu zifungwe. Aliyesuka atoe shanga, pini na vibanio siku moja kabla, si mlangoni. Rasta nzito zikunjwe ndani na kubanwa kwa raba 2, kwa sababu zikifunguka katikati ya pambano na mchezaji akazichezea mara kwa mara, mwamuzi anaweza kuona anapoteza muda.

Suala la hijabu linataka maandalizi ya mapema. Kwa miaka mingi kanuni za IJF hazikuruhusu kichwa kufunikwa isipokuwa kwa bandeji ya matibabu. London 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alicheza akiwa na kifuniko kilichobana kichwa, lakini kwa makubaliano maalumu yaliyofikiwa kabla. Timu ya Unguja au Mombasa yenye mchezaji anayejistiri imwandikie mwandaaji miezi kabla, na ipate jibu la maandishi. Kumwacha msichana aambiwe mlangoni achague kati ya kilemba chake na timu yake ni uzembe wa viongozi.

Siku yenyewe

Uzito wa kuanza hupatikana kwa droo, na mzunguko unaofuata huanza na uzito mwingine. Maana yake hakuna anayejua tangu nyumbani kama atakuwa wa kwanza au wa tano. Droo ikitoka, andika mpangilio kwenye karatasi na uibandike sehemu ya kupasha misuli.

Wa kwanza na wa pili wamalize kupasha dakika 10 kabla ya kuitwa, jasho likiwa limetoka. Wa tano ndiye mgumu kumpangia. Pambano moja linaweza kwisha kwa sekunde 15, na jingine likapita dakika 4 na kuingia golden score, muda wa nyongeza ambao hauna kikomo. Wa tano anaweza kungoja dakika 5 au nusu saa. Asivue gi, asikae sakafuni. Kamba ya kuruka na raundi fupi za uchi-komi (kurudia kuingia mbinu bila kutupa) kila pambano linapoanza zinamtosha. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, fainali ya timu za mchanganyiko kati ya Ufaransa na Japani ilifika 3 kwa 3, ikapigwa droo, ukatoka uzito wa +90 wa wanaume, na Teddy Riner akarudi mkekani dhidi ya Tatsuru Saito. Ufaransa ikashinda 4 kwa 3. Watu 5 hawafungani hivyo kirahisi, ila timu zote mbili zikiwa na nafasi tupu kwenye uzito uleule inaweza kuwa 2 kwa 2.

Orodha ya majina hukabidhiwa kabla ya kila mzunguko, ndani ya muda uliowekwa. Ichelewe na utapigana na orodha ya zamani, au hutapigana. Mtu mmoja, asiye kocha wa kwenye kiti, apewe kazi hiyo peke yake.

Timu huingia kwa mstari na kuinama pamoja. Kisha wote hutoka, wanaitwa mmoja mmoja. Kocha anaruhusiwa kusema wakati wa matte tu. Kwa hiyo maelekezo yawe ya maneno mawili mliyoyazoea: "mkono kwanza", "zunguka kushoto", "dakika moja".

Matokeo ya mapambano yaliyotangulia yabadilishe namna ya kucheza. Mkiwa 2 kwa 0, wa tatu hana haja ya kujilinda, ashambulie, kwa sababu wapinzani ndio waliobanwa. Mkiwa 1 kwa 2, anayeingia hana sare wala kesho. Akiwa nyuma kwa yuko na imebaki dakika moja, aingie hata kwa hatari ya kutupwa. Kupoteza kwa yuko na kupoteza kwa ippon ni kitu kimoja kwa timu, isipokuwa kwenye mashindano ya makundi ambako ubora wa ushindi huhesabiwa timu zikilingana. Huko kila pambano huchezwa hata kama mshindi ameshajulikana, na kupoteza kidogo kuna thamani yake.

Damu ikitoka, daktari anaweza kutibu jeraha hilohilo mara 2. Ya tatu, pambano linakwisha na mpinzani anapewa ushindi. Mchezaji mwenye pua inayotoka damu kirahisi ajulikane tangu nyumbani, na usimweke kwenye pambano unalotaka livutwe hadi golden score.

Timu inayopoteza robo fainali huwa bado ina njia ya shaba kupitia mchujo wa pili, na hapo ndipo akiba hupata kazi. Aliyecheza mapambano mawili marefu apumzishwe kama aliye nyuma yake ana zile nafasi 3 katika 10. Gi zenye damu zisafishwe kwa maji baridi papo hapo, mpangilio mpya ubandikwe, na karatasi ya majina iwe mezani kabla wachezaji hawajamaliza kunywa maji.